Chupa Haisogei

Saa kumi na nusu jioni, jua likishaanza kulegea, ndipo ninapopiga filimbi ya kwanza. Uwanja wa shule yetu hapa Ubena Zomozi una nyasi pembeni tu. Katikati ni vumbi, na upande wa juu kuna kichuguu ambacho watoto wamekigeuza jukwaa. Ukinyamaza kidogo unasikia malori ya barabara ya Morogoro yakibadilisha gia.

"Shikamoo madamu!"

"Marahaba. Jipangeni mstari, tuokote."

Kabla ya mpira tunaokota. Watoto wanasimama bega kwa bega kutoka goli hadi goli, wanatembea polepole, kila mmoja akitazama chini: vipande vya chupa, miiba, vizibo vya soda, mawe. Wengi wanacheza pekupeku, na mtoto anayeogopa kukanyaga hawezi kuwa mwepesi. Akili yake yote iko kwenye nyayo, wakati mimi naitaka iwe machoni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nafundisha Hisabati darasa la tano na la sita, na kwa miaka tisa sasa nimekabidhiwa michezo. Katika miaka hiyo nimejifunza jambo moja ambalo natamani kila mzazi, kila mwalimu wa michezo na kila kaka anayekusanya watoto mtaani alijue: wepesi wa mtoto uwanjani unaanzia kwenye jicho, unapita kwenye kusimama, na mwisho ndipo unafika kwenye mbio. Sisi tumezoea kuanza na mbio.

Siku tuliyofungwa manne

Mwaka wangu wa pili, mashindano ya kata ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, yalikuwa yamekaribia. Nilikuwa nimeona kwenye simu jinsi vijana wa Ulaya wanavyozunguka koni kwa kasi, nami nikasema watoto wangu hawatapungukiwa. Koni sikuwa nazo. Nilikusanya chupa za maji za plastiki, nikazijaza mchanga, nikazipanga kwa msharazari kumi na mbili. Kwa majivu nikachora ngazi ardhini. Wiki sita watoto walizunguka zile chupa na kurukaruka kwenye ile ngazi, mimi nikiwa na saa ya simu mkononi. Kila wiki muda ulipungua. Niliandika kwenye daftari, nikafurahi kama mwalimu wa Hisabati anavyofurahia namba zinazokwenda anakotaka.

Siku ya mechi tulifungwa manne kwa bila. Wenzetu walitoka shule ambayo mwalimu wake aliniambia kwamba kazi yake kubwa ilikuwa kuwagawa watoto makundi na kuwaacha wacheze. Watoto wangu walikuwa na mbio kuliko wao. Lakini beki wao aliposogea, wangu walichelewa. Winga wao alipoyumba kushoto, wangu waliyumba naye, naye akapita kulia.

Njiani tukirudi, kijana mmoja wa darasa la sita, mfupi kuliko wote, mtoto wa mama anayechoma mahindi pale kituoni, aliniambia kwa sauti ya chini: "Madamu, zile chupa hazikuwa zinasogea."

Nilikaa na maneno hayo usiku kucha. Alikuwa amesema kwa sentensi moja jambo ambalo wataalamu wameliandika kwa kurasa nyingi.

Wepesi ni nini hasa

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Australia, Sheppard na Young, walipitia maandishi mengi ya michezo na kupendekeza maana iliyonyooka: wepesi ni mwendo wa haraka wa mwili mzima, unaobadilisha kasi au uelekeo, *kwa kujibu kitu fulani*. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mtoto anayezunguka chupa anajua tangu mwanzo atakata wapi. Hajibu chochote, anakumbuka njia tu. Uwanjani hakuna njia ya kukumbuka. Kuna mtu mwenye macho, mwenye hila, anayetaka kukunyang'anya mpira.

Young huyohuyo na mwenzake Rogers walitoa mwaka 2014 matokeo ya jaribio kwa vijana 25 wa chini ya miaka 18 wanaocheza ule mpira wa Kiaustralia. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kubadilisha uelekeo kwa njia zilizopangwa. Kundi la pili lilicheza michezo midogo ya wachache kwa wachache. Baada ya vipindi 11 katika wiki saba, waliocheza ndio walioongeza wepesi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na kuamua haraka zaidi. Miguu yao haikuwa imepata mbio mpya. Jicho lilisoma mapema, mguu ukapewa amri mapema.

Na amri hizo ni nyingi. Utafiti wa mwaka 2007 kwa wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza ulihesabu kwamba mchezaji mmoja hugeuka zaidi ya mara 700 katika mechi, na nyingi ya hizo ni kona ndogo zisizofika nyuzi 90. Anayegeuka vizuri mara chache akachoka hawezi kumaliza mechi. Anayegeuka vibaya mara nyingi anajiumiza.

Somo la nyayo

Hapo ndipo nilipoanza kufundisha kusimama. Wazazi hushangaa wakinikuta. "Mwalimu, watoto wamekuja kukimbia, wewe unawafundisha kusimama?" Huwa nawaelekeza barabarani. Dereva wa lori mwenye breki nzuri anashuka mteremko kwa kujiamini. Yule ambaye breki zake hazieleweki anatambaa. Mtoto naye ni hivyohivyo: asiyejua kusimama hujizuia kukimbia bila mwenyewe kufahamu, kwa kuwa mwili unaogopa pale mwisho.

Uwanja wa vumbi una faida moja ambayo viwanja vya nyasi havina: unaandika. Ninachora mstari kwa majivu, mtoto anakimbia hatua kumi na tano kuelekea mstarini, kisha anasimama kabla ya kuuvuka. Tunachuchumaa pamoja kusoma alichoandika.

Mtoto mgeni anaacha mkwaruzo mrefu wa mguu mmoja. Amesimama kwa hatua moja, goti limenyooka, mzigo wote umeingia kwenye ule mguu. Pembeni kuna alama ya mkono, ishara kwamba kifua kilitangulia akataka kuanguka. Mtoto aliyeshajifunza anaacha nyayo tatu au nne fupi, zinazokaribiana kadiri mstari unavyosogea, na mbili za mwisho zimeachana kwa upana wa mabega. Kisigino na kidole vimeandika sawa. Hapo najua magoti yalikunjwa, makalio yalishuka, kifua kilibaki juu ya miguu. Kutoka kwenye mkao huo anaweza kwenda kushoto, kulia, au kurudi alikotoka.

Wiki mbili za mwanzo tunafanya kwa mwendo wa nusu. Wiki ya tatu tunaongeza. Wiki ya nne naondoa mstari na kuweka filimbi, kisha naondoa filimbi na kuinua mkono tu, ili wasikie kwa macho. Mtoto wa darasa la nne akinisomea nyayo zake mwenyewe, "Madamu, hapa nimechelewa kukunja goti," namwona ameshaanza kuwa mwalimu wa mwili wake.

Kuna jambo moja nalitazama kuliko yote: goti lisiangukie ndani. Mtoto akisimama au akitua kutoka juu, pia ya goti itazame kule vidole vya mguu vinakotazama. Goti likiingia ndani kila mara, kano zilizo ndani yake zinavutwa vibaya, na ipo siku mojawapo inaweza kukatika. Wasichana wako kwenye hatari hiyo zaidi ya wavulana, hasa wanapoanza kubalehe.

Habari njema ni kwamba hatari hiyo inapunguzwa kwa mazoezi ya bure. FIFA ina utaratibu wa kupasha misuli uitwao FIFA 11+, wa dakika kama 20: kukimbia taratibu, kusimama kwa mguu mmoja, kukaza tumbo, kuruka na kutua, kukata kona. Norway waliujaribu kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha majeraha yalipungua kwa karibu theluthi moja. Mtu akisema hayo ni ya Wazungu wenye viwanja vizuri, ninamwonyesha Lagos. Huko Nigeria timu 20 za vijana wa miaka 14 hadi 19, jumla wachezaji 416, zilishirikishwa, na matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha waliofuata utaratibu huo walipungukiwa na majeraha kwa asilimia 41. Lagos wana vumbi kama letu.

Rede ilikuwa shule

Basi mtoto ameshajua kusimama. Nani amfundishe kusoma mtu?

Jibu nililipata kwa wasichana waliokuwa nyuma ya madarasa wakisubiri zamu yao ya uwanja. Walikuwa wanacheza rede, mchezo niliokua nao mimi na mama yangu kabla yangu. Wawili wanasimama pande mbili, wanarushiana mpira wa soksi wakilenga kumpiga aliye katikati. Wa katikati anakwepa. Mpira ukipita anageuka mara moja, maana aliyekuwa nyuma sasa ndiye mwenye mpira.

Nilisimama kumtazama msichana mmoja wa darasa la tano. Hakutazama mpira. Alitazama bega la mrushaji. Bega liliporudi nyuma, yeye alikuwa ameshashusha makalio, vidole vya miguu vimeshika ardhi, magoti yamefunguka. Mrushaji akatishia bila kuachia; msichana akatikisika kidogo lakini hakuhama. Akatishia tena, akaachia. Msichana akainama, mpira ukapita juu ya mgongo, na kabla haujadakwa alikuwa ameshageuka, mkao uleule. Alifanya hivyo mara kumi na tisa mfululizo. Nilizihesabu.

Kila nilichokitafuta kwenye chupa na saa ya simu kilikuwa pale: jicho kwenye bega, kutodanganyika kwa tishio la kwanza, kusimama, kugeuka, na mapumziko mafupi kabla ya kurudia. Siku iliyofuata nilichanganya wavulana na wasichana kwenye rede, na wavulana wangu wenye mbio walitolewa mmoja baada ya mwingine.

Tangu hapo sehemu kubwa ya mazoezi yetu ya wepesi ni michezo ya watoto wenyewe, nimeitia mpangilio tu. Rede ni ya jicho na kukwepa. Kufukuzana kwa mkia, ambapo kila mmoja anachomeka kipande cha kitambaa kiunoni na kulinda chake huku akiiba cha mwenzake, ni kwa ajili ya kugeuka ukiwa umezungukwa. Kioo ni wawili wanaotazamana, mmoja anasogea na mwenzake anamfuata kama kivuli kwa sekunde tano. Halafu chandimu, watatu kwa watatu au wanne kwa wanne, magoli ya matofali mawili, uwanja mdogo kiasi kwamba hakuna pa kujificha. Kwenye chandimu kila mtoto anagusa mpira mara nyingi, anakabwa mara nyingi, anaamua mara nyingi. Kwenye uwanja mkubwa wa kumi na moja, mtoto wa miaka tisa anaweza kukaa pembeni dakika nyingi bila kuamua chochote.

Na wasichana wasiambiwe tena kwamba uwanja una wenyewe. Oktoba 2022 wasichana wa timu yetu ya taifa, Serengeti Girls, walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, wakaifunga Ufaransa mabao mawili kwa moja na kufika robo fainali. Nawaambia wangu: wale walikuwa watoto wa Kitanzania kama ninyi.

Mkaa kwenye mwimo wa mlango

Kwenye mwimo wa mlango wa darasa la sita kuna mistari ya mkaa na herufi. Kila mwanzo wa mwezi napima urefu wa wachezaji wangu. Mwanzoni watu walidhani ni mapambo.

Mtoto harefuki kwa mwendo mmoja. Kuna kipindi anarefuka kwa ghafla. Kwa wasichana kilele chake huwa karibu miaka 12, kwa wavulana karibu 14, ingawa kila mwili una kalenda yake. Mifupa inatangulia, misuli inaifuata nyuma. Mtoto aliyekuwa mwepesi kama swala anaanza kujikwaa, anakosa mipira aliyokuwa anaidaka akiwa amefumba macho. Wenzake wanamcheka, kocha anamgombeza, baba anasema amekuwa mvivu. Wengi huacha mpira hapo.

Mistari ya mkaa ikiachana ghafla, mimi najua. Namwita mtoto pembeni na kumwambia: "Hujaharibika. Umepewa miguu mipya, na miguu mipya inajifunzwa." Nampunguzia miruko na mbio za kasi, namrudisha kwenye somo la nyayo na kusimama kwa mguu mmoja. Kwa muda huohuo namuuliza kuhusu maumivu. Uvimbe mdogo unaouma chini ya pia ya goti, au kisigino kinachouma baada ya mazoezi, ni vitu vya kawaida kwa umri huo, na vinataka kupumzishwa. Havitaki kuchuliwa kwa nguvu wala kuambiwa "komaa".

Mchanga wa Bagamoyo

Likizo ikifika, na wazazi wakichanga nauli, tunakwenda Bagamoyo. Tunapita Chalinze, Msata, kisha zile kilomita 64 za lami hadi pwani. Watoto wengine wanaiona bahari kwa mara ya kwanza.

Mchanga ni mwalimu mwenye masharti. Ukikimbia kwenye mchanga mkavu unaozama, mwili unatumia nguvu karibu mara 1.6 kuliko kwenye ardhi ngumu, na mguu unatua kwa ulaini. Kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujenga nguvu za nyonga na vifundo bila kuumiza magoti. Lakini mchanga huohuo unameza msukumo: mguu unazama kabla haujasukuma, na mtoto anayefanya mazoezi hapo tu anazoea hatua nzito. Wenyeji wanalijua hili bila kuambiwa. Maji yakipwa, vijana wa Bagamoyo wanashuka hadi kwenye mchanga uliolowa, mgumu kama sakafu, wanachomeka vijiti vya magoli karibu na ngalawa zilizoegeshwa, na mpira unaanza. Nami nafanya kama wao. Asubuhi tunaruka na kutua juu, kwenye mchanga laini. Maji yakishapwa tunashuka chini kucheza rede na chandimu.

Ratiba yetu

Wanaoniomba ratiba huwa nawapa hii. Jumanne ni siku ya kusimama na kutua. Alhamisi ni kufukuzana, rede na kioo. Jumamosi ni chandimu. Kila siku tunaanza kwa kupasha misuli dakika kumi na tano hadi ishirini, na mazoezi yenyewe ya wepesi hayazidi dakika ishirini. Kila mzunguko ni sekunde tano au sita, kisha mtoto anapumzika nusu dakika au zaidi. Miruko haivuki arobaini kwa siku. Maji yapo kivulini, na anayetaka anakunywa bila kuomba ruhusa. Miguu ikianza kutoa kishindo, nasimamisha. Mguu mwepesi hausikiki. Ukisikika umechoka, na mtoto aliyechoka anajifunza kuchelewa.

Kuna wazazi ambao hawaridhiki. Mbwana Samatta alipoingia Aston Villa Januari 2020 na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, kila nyumba yenye mtoto wa kiume ilianza kupiga hesabu. Baba mmoja alikuwa anamwamsha mwanawe wa miaka kumi alfajiri, anamkimbiza kandokando ya lami huku malori yakipita, na mfuko wa mchanga mgongoni. Nilimwendea nyumbani kwa heshima. Nikamwambia: "Baba, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwanao anajifunza kwenda mbele kwa mwendo mmoja akiwa amechoka. Mpira haumtaki hivyo. Mwache alale, ale mihogo yake na dagaa, jioni niletee." Alinyamaza muda mrefu. Siku hizi anakuja mwenyewe kuokota vipande vya chupa.

Zile chupa zangu kumi na mbili bado zipo, ila nimezimwaga mchanga. Alhamisi iliyopita moja ilikuwa katikati ya duara la rede, tupu, kifuniko kimefunguliwa. Yule msichana aliyetazama bega sasa yuko darasa la saba. Alikuwa anakwepa mpira, na kila ulipopita alichota mchanga kiganjani na kuuingiza chupani, jicho likiwa kwa mrushaji. Wavulana walikuwa wamekaa kwenye kichuguu wakimhesabia kwa sauti. Chupa ilijaa mpaka shingoni, na hakuna mpira hata mmoja uliomgusa.